Kuungama Kunakofika kwa Jirani: Mwongozo kwa Mkristo wa Kibiti na Delta ya Rufiji

Mkristo wa Kibiti mara nyingi ni mtu wa kuja. Ni mwalimu aliyepangiwa shule ya kata, muuguzi, askari, fundi, mfanyabiashara aliyefuata korosho na ufuta, au mfugaji aliyeteremka na ng'ombe wake kutoka bara. Wenyeji wake, Wandengereko, Warufiji na Wanyagatwa wa visiwa vya delta, wengi wao ni Waislamu. Jumapili mtu huyu huungama pamoja na wenzake. Akiwa Mlutheri, ibada yake huanza na maungamo. Akiwa Mkatoliki, hujipiga kifua. Akiwa Mpentekoste, hulia mbele ya madhabahu. Jumatatu anarudi kwa majirani walewale, na wapo kati yao aliowadhulumu ambao hawajawahi kusikia kwamba ameungama.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyewahi kutoka kanisani moyo ukiwa mwepesi, kisha ukabadili njia ili usipite mbele ya nyumba ya mtu anayekudai. Sidai kwamba machozi yako yalikuwa ya uongo. Ninachosema ni kwamba unyenyekevu wa Kikristo haujakamilika hadi dhambi itajwe kama ilivyotendeka, ipelekwe kwa aliyetendewa, na kinacholipika kilipwe.

Itaje kama inavyotajwa sokoni

Kosa la kwanza ni kuungama kwa jumla. "Bwana, mimi ni mwenye dhambi" ni kweli, lakini kila mtu kanisani anaweza kuisema bila kuona aibu, na aliyeisema hatoki hapo akijua ni lipi la kuacha. Chukua mfano wa kangomba. Kuanzia Februari hadi masika yanapokwisha, mkulima mara nyingi huwa ameishiwa. Unampa fedha kidogo au debe la mahindi, na korosho zake unakuwa umezinunua mikorosho ikiwa haijatoa hata ua. Msimu ukifika unakwenda na chombo chako cha kupimia, kwa bei uliyoipanga wewe wakati yeye ana njaa. Mwishoni mwa 2018, serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wafanyabiashara wa kangomba walisakwa waziwazi. Lakini jambo hilo halikugeuka kuwa dhambi siku ile. Lilikuwa dhambi tangu mikono miwili ilipokutana juu ya lile debe la mahindi, mmoja akijua bei halali na mwingine akiwaza watoto wake watakula nini.

Sasa, mtu wa kangomba akipiga magoti na kusema "nisamehe tamaa zangu", amesema kweli kwa namna inayomsaidia asibadilike. Aseme hivi: "Bwana, nilimchukulia mzee wa watu korosho zake kwa nusu ya bei, nikijua wajukuu zake walikuwa na njaa." Hapo ndipo moyo unaposhtuka. Fanya hivyohivyo na lumbesa ya kujaza gunia kupita kipimo, na dawa ya hospitali iliyouzwa mlango wa nyuma, na zamu uliyoikimbia mgonjwa akiwa kitandani, na mwanafunzi uliyemchapa kwa hasira zako za nyumbani, na sumu uliyomwaga mtoni ili upate samaki wa haraka. Dhambi zina majina, na watu wa mtaani wanayajua.

Jihadhari pia na kuungama dhambi za wengine. Delta hii ina takriban hekta 53,000 za mikoko, msitu mkubwa kuliko mwingine wa aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki, na kamba wanaovuliwa hapa hukulia kwenye mizizi yake. Utamsikia mgeni akisikitika jinsi wenyeji wanavyofyeka mikoko kupanda mpunga. Huenda anasema kweli. Lakini paa la nyumba yake limesimama juu ya boriti za mkandaa, na hajawahi kumuuliza fundi zilikatwa wapi na kwa kibali gani. Anzia kwenye paa lako.

Wafalme wawili waliosema neno moja

Kama unataka kujua kuungama kwako kuna uzima au hakuna, soma sura mbili kwa kikao kimoja: 1 Samweli 15 na 2 Samweli 12. Mimi sijaona somo la toba linalopenya kuliko kuziweka sura hizi pamoja, kwa sababu Sauli na Daudi wote wawili walikiri. Wote wawili walisema wametenda dhambi. Mmoja akapoteza ufalme, mwingine akainuliwa tena.

Sauli alipewa amri ya kuwaangamiza Waamaleki na mifugo yao, akaitekeleza nusu. Aliwaacha hai kondoo na ng'ombe wanono, kisha akaenda Karmeli akajisimamishia mnara wa kumbukumbu. Nabii Samweli alipofika, Sauli alitangulia kumsalimu na kujisifu kwamba ametimiza neno la Bwana. Samweli akamuuliza kuhusu mlio wa kondoo alioukuta. Jibu la kwanza la mfalme lilikuwa kwamba watu ndio waliowaleta, tena kwa nia njema, ili watolewe sadaka. Alipobanwa zaidi ndipo akakiri, lakini akaongeza kwamba aliwaogopa watu. Halafu akaomba jambo moja linaloufunua moyo wote: Samweli amheshimu mbele ya wazee wa watu wake. Alikuwa tayari kuwa mwenye dhambi faraghani, mradi asionekane hivyo barazani.

Daudi alifanya mabaya makubwa kuliko hayo kwa kipimo chochote cha kibinadamu: alichukua mke wa mtu na akamuua mumewe kwa barua. Nabii Nathani alipomnyooshea kidole, Daudi hakumtaja mwanamke, hakutaja vita, hakutaja upweke wa mfalme. Alikiri kwa sentensi moja fupi na akanyamaza. Kisha Zaburi ya 51, ambayo kichwa chake kinataja tukio hilohilo waziwazi, ikakabidhiwa kwa mwimbishaji. Fikiria maana yake: aibu ya mfalme ikawa wimbo wa ibada, na raia wake wakaijua kwa moyo.

Basi jipime hapo. Maungamo yako yakiwa na "lakini" ndani yake, yasome upya. Yakiwa na jina la mtu mwingine, liondoe. Na kama baada ya kuungama jambo linalokuhangaisha zaidi ni nani atajua, uko bado na Sauli.

Kuna kisa cha huku kwetu kinachokaa pamoja na hicho. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliokutanisha watu kama Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church kule Namirembe mwaka 1929, ulishika moto Gahini, Rwanda, kwenye hospitali ya misheni. Yosiya Kinuka alikuwa mtumishi wa hospitali hiyo. Mambo pale hayakuwa mazuri: uvivu, wizi, manung'uniko kati ya wafanyakazi weusi na wamisionari. Kinuka alifika Kampala akamweleza Nsibambi mabaya yote ya hospitali. Nsibambi hakumpa pole. Alimwambia chanzo cha matatizo hayo ni dhambi iliyo moyoni mwake yeye Kinuka. Maneno hayo yalimchoma njia nzima ya kurudi, na alipofika Gahini alikuwa mtu mwingine, akawa mmoja wa viongozi wa uamsho ule. Ulipovuka kuingia Bukoba na kwingineko Tanganyika, watu walijulikana kwa jambo ambalo hata wasioamini waliliona: walirudisha vitu walivyoiba. Wewe unayefanya kazi zahanati au shule na kila siku unahesabu ubovu wa wenzako, mchukulie Kinuka kama ndugu yako mkubwa.

Dakika kumi za jioni

Unyenyekevu hauji kwa kuusubiri. Tenga muda, na uwe uleule kila siku. Kibiti mjini, adhana ya isha inaposikika ni saa nzuri: kazi zimekwisha, jirani zako wanakwenda kusali, nawe kaa mbele za Mungu wako. Nahodha wa Nyamisati huujua mkondo kwa kuutazama maji yakiwa yamepwa, visiki na mafungu ya mchanga yakiwa wazi. Kujichunguza nako kunataka saa ambayo sifa za watu na kelele za mchana zimepungua.

Pitia siku kwa watu, usipitie kwa amri. Mtu akisoma orodha ya amri kumi hujikuta hajaua wala hajaabudu sanamu, akalala. Akipitia nyuso, mambo hubadilika: nilimjibuje mke wangu asubuhi, yule mama wa foleni nilimwitaje, bodaboda nilimlipa kiasi gani kwa safari ile ya mvua, nilisema nini juu ya mwenzangu alipotoka ofisini. Ukipata jambo, litaje, liombee msamaha, na uamue kesho utafanya nini. Usipopata lolote, siku tatu mfululizo, muulize mtu anayeishi nawe. Atakuambia.

Tafuta pia mtu mmoja wa kumwambia ukweli. Mkatoliki ana kitubio na padri anayefungwa na siri yake, akitumie. Wengine someni Yakobo 5:16 na mchague mwenzenu wa jinsia yenu, mtu mzima kiimani, asiyependa habari za watu. Kama uko Mbwera au Kiongoroni, ambako kufika ni kwa boti na kwa kungoja maji yajae, huenda mchungaji au padri asionekane kwa wiki nyingi. Usimngoje ndipo utubu. Mungu yupo huko mikokoni pia, na aliyekosewa yuko nyumba ya tatu.

Kwenda kwa uliyemkosea

Hapa ndipo wengi tunapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo. Katika Mathayo 5 Yesu anamwambia mwenye sadaka aiache mbele ya madhabahu, aende kwanza kupatana na ndugu yake. Utaratibu ni huo: jirani kwanza, kisha sadaka.

Nenda mwenyewe, usitume ujumbe wa simu. Piga hodi na ungoje ukaribishwe. Salamu za pwani ni ndefu. Usizikatishe kwa sababu una jambo zito. Ukionyeshwa mkeka, kaa kwenye mkeka, hata kama wewe ni bwana afya. Uliyemkosea akiwa mwanamke na wewe ni mwanamume, usiende peke yako: nenda na mkeo, au pitia kwa mumewe au kaka yake. Kisha sema kwa ufupi. "Shikamoo mzee. Mwaka juzi nilichukua korosho zako kwa kangomba. Nilijua bei halali na nilijua shida yako. Nilikudhulumu. Nimekuja kukuomba radhi na kukurudishia haki yako."

Usiseme "kama nimekukosea". Unajua umemkosea, ndiyo maana umekuja. Usiseme "unajua na mimi nilikuwa na hali ngumu". Huenda ni kweli, lakini yeye siye wa kukuhurumia siku hiyo. Na ukishasema, nyamaza. Akiwa na maneno makali, yasikilize hadi mwisho. Akisema hasamehi, jibu, "Nimekuelewa mzee," na deni lilipe vilevile. Msamaha ni wake autoe au asiutoe. Haki yake si ya kungojea msamaha.

Nakusihi jambo moja zaidi: usigeuze kuomba radhi kuwa mahubiri. Umekwenda kwa mzee Mwislamu kama mdaiwa. Ukianza kumnukulia Injili, umejipandisha juu ya mkeka wake na kuwa mwalimu, na yeye ataona kwamba radhi ilikuwa chambo. Akikuuliza kilichokuleta, mwambie kwa sentensi moja kwamba Bwana wako amekuagiza. Yatosha. Tena tuna la kujifunza kwake. Ramadhani inapokaribia, Waislamu wengi wa pwani hutafutana na kuombana radhi kwa yaliyopita. Sisi tuna Kwaresima siku 40, na wengi tunaimaliza bila kugonga mlango wa mtu.

Kuhusu kiasi cha kulipa, Biblia haijatuacha gizani. Katika Hesabu 5, aliyedhulumu anaungama, anarudisha chote, kisha anaongeza sehemu ya tano. Zakayo, katika Luka 19, alijitoza mara nne. Anza na sheria ya Hesabu. Uliza kwenye AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, bei ya mnada ya msimu ule, izidishe kwa kilo ulizochukua, toa kiasi ulichompa, kisha ongeza sehemu ya tano. Aliyedhulumiwa akiwa ameshafariki, watafute warithi. Kwenye misiba yetu, ya Kiislamu na ya Kikristo, hutangazwa kwamba anayemdai marehemu ajitokeze, na anayedaiwa naye ajitokeze. Usiache mtoto wako aje kusikia tangazo hilo kwa ajili yako.

Kwa mfugaji mambo yana uzito wake. Wafugaji wengi waliondolewa bonde la Usangu na Ihefu mnamo 2006 na 2007 kuelekea kusini, na baadhi walibaki bonde la Rufiji. Wana machungu yao ya kweli. Lakini ng'ombe wakiingia kwenye mpunga wa mtu, machungu hayo hayampi mkulima chakula. Ndugu mfugaji, nenda siku ileile, kabla hujaitwa. Nenda na mwenyekiti wa kitongoji, bwana shamba apime hasara, na usimpe mtendaji chochote cha kupunguza kipimo. Kulipa tu hakutoshi ukimlipa mtu huku umesimama na fimbo na unaangalia pembeni. Mtazame, umwombe radhi, kisha ulipe.

Na nyumbani je? Baba, mwombe radhi mwanao. Wengi huona jambo hili linavunja heshima. Mtoto aliyeonewa anajua ameonewa, hata kama ana miaka sita. Akimsikia baba yake akisema "nilikuchapa bila kosa, nimekosea", atajifunza toba kwa namna ambayo hakuna darasa la kipaimara litakalomfundisha.

Pale kuungama kunapotumiwa vibaya

Yapo mambo ambayo hayaishii kwa mchungaji. Mtu aliyemnajisi mtoto, anayempiga mkewe, aliyeiba fedha za kikundi, akilia kanisani asifichwe chini ya machozi yake. Kuna Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, kuna mahakama. Toba ya kweli hukubali kwenda huko. Na aliyeumizwa asilazimishwe kusema "nimesamehe" mbele ya waumini ili ibada imalizike vizuri. Kanisa linalofanya hivyo limemwonea mara ya pili.

Usiungame pia kwa kumwaga siri za mwenzako. Ulizini na mtu? Ungama lako, jina lake liache. Uamsho ule niliousifu nao ulijeruhiwa na jambo hili mahali pengine: ushuhuda ukageuka shinikizo, watu wakapimana kwa ukubwa wa dhambi walizotaja. Kiburi kinaweza kuvaa hata nguo ya toba. Dalili yake ni hii: mtu anajiita mavumbi na si kitu, lakini mzee wa kanisa akimwonyesha kosa moja dogo, anahama kanisa.

Paulo anatusaidia hapa. Katika 1 Wakorintho anajiita mdogo wa mitume. Katika Waefeso, mdogo kuliko watakatifu wote. Katika 1 Timotheo, barua inayoonyesha miaka yake ya baadaye, anajitaja kuwa wa kwanza wa wenye dhambi. Hakuwa akizidi kutenda maovu. Alizidi kuona. Na hakukaa chini kulia. Aliendelea kufanya kazi, kwa sababu kila mara anapoitaja dhambi yake huitaja pamoja na neema iliyompokea. Kumbuka Petro na Yuda: wote wawili walimkosea Bwana usiku mmoja, wote wawili waliumia. Yuda alikwenda na uchungu wake kwa makuhani, wakamwambia hayo hayawahusu. Petro alibaki kati ya ndugu hadi Bwana alipomkuta. Ukilemewa, usikae peke yako.

Mwisho niseme juu ya dhambi ya aliyeonewa, maana Kibiti ina kumbukumbu zake. Kati ya 2015 na 2017 waliuawa hapa wenyeviti na watendaji, watu wa hapahapa, na Aprili 2017 waliuawa askari polisi 8 kwa shambulio moja. Hofu ya miaka ile ilizaa maneno. Kama uliwahi kumwekea jirani shaka kwa kanzu yake tu, au ukasema "hawa watu" ukimaanisha dini nzima, hilo nalo linaungamwa. Na kama ulipoteza mtu wako, hakuna mwenye haki ya kukuharakisha. Askofu Festo Kivengere alikimbia Uganda Februari 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa, na alikuwa na kila sababu ya kumchukia Rais Idi Amin. Mwaka huohuo, London, siku ya Ijumaa Kuu, alitambua kwamba chuki ilikuwa inamla, akaipeleka kwa Mungu kama dhambi yake mwenyewe. Hakusema Amin hana hatia, wala hakuacha kuyasema maovu yake hadharani.

Basi chagua mtu mmoja, na dhambi moja, wiki hii. Kama ni deni kubwa kuliko mfuko wako, usiahirishe hadi upate lote: kubalianeni awamu, ziandikwe mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na awamu ya kwanza itoe siku ileile unayoomba radhi.